Kuni Mbichi za Ijumaa

Chuoni kwetu, enzi za Mwingereza, tulifundishwa kushika chaki isipige kelele ubaoni, kushona kifungo kisichong'oka, na kuchimba mfereji ili maji ya mvua yasiingie darasani. Juu ya mtoto anayekaa darasani akitazama ukuta kutwa nzima hatukufundishwa lolote. Siku hizi jambo hilo lina jina, linaitwa afya ya akili, na walimu huitwa semina wakaelezwa wakinywa soda. Siwaonei wivu. Labda kidogo, kwa ajili ya soda.

Nilizaliwa Tororo mjini, katika nyumba ya Waislamu wenye malori. Ukituuliza kabila tulijibu kwamba sisi ni watu wa mjini, maana baba alichanganya damu huku na mama akachanganya kule, na mwenye kufuatilia angechoka njiani. Nyumbani tulisema Kiswahili. Lugha ya Wapadhola, wenyeji wa vijiji vya pale, niliiokota sokoni, kwa wanawake waliouza wimbi, na ndiyo sababu nilipomaliza chuo nilipelekwa shule moja upande wa Nagongera, kwenye njia ya Kirewa. Walimu wengine wote walikuwa wanaume. Mimi nilipewa nyumba ndogo ya udongo nyuma ya madarasa, na jiko la nyasi kando yake. Jiko lile halikuwa na dirisha. Nilililaani tangu siku ya kwanza, wala sikujua kwamba siku moja nitalishukuru.

Mwalimu mkuu alikuwa Mkristo, mtu wa palepale, aliyekwenda vita vya Hitler akarudi na buti, filimbi na Kiswahili cha kambini. Hakuwa mtu mbaya. Aliamini tu kwamba jambo lolote likipangwa mstari litanyooka. Watoto walipangwa mstari, majembe yalipangwa mstari, na kila Ijumaa kuni za walimu zilipangwa mstari pia.

Kuni hizo zilikuwa desturi ya shule zote za upande ule. Siku ya Ijumaa kila mtoto alikuja na kijiti au viwili kwa ajili ya jiko la mwalimu wake, na mwalimu mkuu alipita akivikagua. Alichukua kijiti akakivunja gotini. Kikivunjika kwa mlio, mtoto amepita. Kikipinda bila kuvunjika, kibichi, na mwenye kukileta alipata fimbo, maana kumletea mwalimu kuni mbichi kulihesabiwa ni kumtukana. Watoto walilijua hilo kabla hawajajua herufi.

Darasa langu lilikuwa la tatu, na ndani yake walikuwamo pacha wawili, wasichana, sura moja. Niliwatofautisha kwa mdomo tu. Mmoja aliongea, mwingine alinyamaza. Nilipoita majina asubuhi, yule msemaji aliitikia mara mbili, mara moja kwa ajili yake na mara moja kwa ajili ya mwenzake, na mwenzake akatabasamu kama mtu aliyefanyiwa kazi. Nilijaribu kukomesha mchezo huo. Sikufaulu, na kusema kweli ulikuwa ukinifurahisha.

Kabla masika hayajaanza yule msemaji akashikwa na homa akafa.

Tulikwenda kuwapa pole wazazi wake, mwalimu mkuu na mimi. Mimi nilikuwa nimejitayarisha kama tunavyojitayarisha mjini: kanga kichwani, machozi karibu. Kabla hatujaingia uani, bibi yao alitoka akatuzuia njiani. Huyu alikuwa mama wa baba yao, aliyeolewa pale akitoka Busia kwa Wasamia, na alikuwa amekuja na miiko yake, ikachanganyika na ya Wapadhola mpaka wenyewe hawakujua ipi ni ya nani. Aliona nilipokuwa nachukua kona ya kanga kujifutia macho.

"Mwalimu, hapa hapana lia," akaniambia. "Pacha hapana kufa. Pacha naruka tu, kama ndege. Wewe ukilia, huyu nabaki nasikia, nafikiri sisi naita yeye. Halafu yeye pia naruka."

Nikameza kilio changu kama mtu anavyomeza kidonge bila maji. Uani wanawake walikuwa wakiimba taratibu na kuzunguka. Hakuna jicho lililolowa. Mama yao alikuwa akiimba pamoja nao, na uso wake umekauka mpaka nikashindwa kuutazama. Yule mtoto aliyebaki alikuwa amekaa chini ya ghala la wimbi, mkono wake mmoja umeushika mwingine. Hakuna aliyekuwa amemkataza kulia kwa ukali. Walimwambia kwa upendo kabisa, na kwa upendo huo wakamfunga.

Alirudi shule. Asubuhi nikaita majina, nikaruka la marehemu, nikaita lake. Kimya. Alikuwa ameketi mbele yangu, ananitazama. Nikaita tena. Ndipo nikaelewa kwamba tangu aingie shule hajawahi kuitika. Kuitika ilikuwa kazi ya mwenziwe.

Kuanzia hapo hakusema na mtu. Mwalimu mkuu aliona nafasi kwenye dawati akamweka msichana mwingine pale. Yule pacha akainuka, bila ubishi, akaenda kukaa sakafuni. Akarudishwa kwenye dawati, akainuka tena. Siku moja midomo ilianza kumtetemeka katikati ya hesabu, na mwalimu mkuu, aliyekuwa akipita dirishani, akapiga filimbi yake. "Hapana lia shule!" akasema. "Askari hapana lia!" Midomo ikatulia. Nikawaza, nyumbani wamemkataza, shuleni tumemkataza, na kati ya nyumbani na shuleni ni njia ya wazi yenye watu. Sasa akalilie wapi?

Akaanza kukonda. Chakula cha mchana alichokuja nacho kwenye jani la mgomba alikigawa kwa wenzake. Baba yake akaja shuleni, mkulima mpole, kofia mikononi. Alisema atamtoa shule, maana anakuja kukaa tu, na hata nyumbani hali chakula. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Mama yangu nasema huyu nataka kufuata ndugu yake. Mimi naogopa, mwalimu. Naogopa sana."

"Niachie mpaka shule ifungwe," nikamwambia.

Alipoondoka nilijiuliza ni nani aliyenituma kusema vile. Mimi nilikuwa mwalimu wa kusoma, kuandika na kushona. Darasa lilijaa mpaka wengine walikaa kwenye magogo. Yuko ambaye baba yake akilewa yeye hulala nje, yuko ambaye mama yake amekimbia, yuko ambaye anaona mwanga ukutani na kuanguka kifafa. Kila mmoja alikuja na la kwao akanitazama, na mimi nilikuwa kapu la wote. Jioni nilikuwa nakaa kitandani na viatu miguuni kwa sababu kuinama kuvivua kulikuwa kazi. Hakuna aliyeuliza. Nami sikusema, kwa kuwa mwanamke wa kwanza kufundisha pale akisema amechoka, wa pili hataletwa.

Nilimwendea mwalimu mkuu. Nilimweleza kwamba mtoto yule anakwisha.

"Kazi yako kusoma na hesabu," akasema. "Hii shule, mwalimu. Hapana hospitali."

"Na akifa, utamfundisha hesabu kaburini?"

Mdomo wangu haujawahi kunisubiri. Akachukua filimbi yake akaifuta kwa kitambaa, na nikajua nimemuumiza, maana naye alikuwa mtu wa kijiji kile na mtoto yule alikuwa kama wake. Hakujua la kufanya, ndiyo yote. Hata mimi sikujua.

Nilichofanya hakikuwa na elimu yoyote ndani yake. Niliona kwamba hali chakula, basi nikamwambia saa ya mchana aje kunisaidia kupika. Watoto walikuwa wakitufanyia kazi za nyumbani wakati ule na hakuna aliyeona ajabu. Nilitumaini kwamba mtu akikoroga chungu mwenyewe atataka kuonja.

Masika yalikuwa yameanza, na mvua ilikuwa imepenya paa la jiko ikalowesha kuni zote. Nikawasha, zikakataa. Nilipoongeza nyasi ulitoka moshi mzito, mweupe, ukajaa jiko zima. Kwenye ncha za vijiti maji yalikuwa yakichemka na kutoa povu. Nililaani kuni, nililaani mvua, nikamlaani fundi aliyejenga jiko bila dirisha, huku machozi yananitiririka mpaka kidevuni. Mtoto alikuwa amechuchumaa kwenye mafiga akipuliza. Nikamwambia atoke nje apumue. Hakutoka. Akapuliza tena, na tena, kisha nikaona hapulizi. Mgongo wake ulikuwa ukipanda na kushuka.

Mimi si mwepesi wa kuelewa mambo, lakini hilo nililielewa. Sikumshika wala sikumwambia pole, maana pole ingekuwa ni kukubali kwamba analia, na kulia ni mwiko. Nikafunga mlango nusu. Nikasema kwa sauti, kama ninayesema na kuni, "Moshi huu, jamani! Moshi huu utatutoa macho!" Naye akaitikia kwa mara ya kwanza tangu ndugu yake aondoke. Alisema kwa lugha yao, sauti imekatikakatika, "Ni moshi, mwalimu."

Ugali wa wimbi uliiva nusu. Kunde zilinuka moshi. Alikula zote, akafuta chungu kwa kidole.

Kesho yake nilichagua kuni zilizolowa zaidi.

Ikawa ndiyo kazi yetu ya mchana. Nilikuwa napika chakula kibaya kuliko mwanamke yeyote wa Nagongera na simwambii mtu kwa nini. Siku nyingine alilia sana, siku nyingine kidogo, siku nyingine alisahau kulia akanisimulia habari za mbuzi wao. Alikuwa na sauti nzito kidogo, iliyozidi umri wake. Sikuwahi kujua.

Habari zilifika nyumbani kwao, maana upande ule hata moshi una majirani. Bibi yake akaja, gauni lake la gomesi limelowa matope pindoni, akasimama kwenye mlango wa jiko. Mtoto alikuwa ndani, macho mekundu.

"Nani nalia hapa?" akauliza.

 Nilijua kwamba nikikosea neno, mtoto anaondoka siku ile ile. "Hakuna anayelia, Bibi," nikasema. "Ni moshi tu. Kuni zimelowa."

Akamtazama mtoto. Akatazama mafiga. Akanitazama mimi, na nikaona kwamba hajadanganyika hata kidogo. Kisha akainama akaingia ndani, akakaa chini, akanyoosha miguu yake upande wa moshi.

"Moshi hapana kesi," akasema.

Alikaa pale mpaka kengele ya darasa ikalia na sisi tukatoka. Tulipotoka alikuwa bado amekaa, uso wote umelowa, anachochea kuni ambazo hazikuwa na moto.

Wiki iliyofuata nikaita majina asubuhi. Nilipofika lake nilisita kidogo kama kawaida, ili nipite. Sauti nzito ikasema, "Nipo." Darasa zima likageuka kumtazama. Mimi nikaendelea na jina linalofuata, kwa sababu ningesimama hapo ningelia mbele ya watoto.

Baba yake hakuja tena kumtoa. Mwalimu mkuu alinipita uani, akasema, "Ile mtoto sasa naitika," akanitolea heshima ya kiaskari, mkono kwenye kofia. Tukapatana.

Ningeweza kuishia hapo, na kwenye semina ndipo ningeishia.

Jumatatu moja, kabla ya shule kufungwa, dereva mmoja wa lori la nyumbani alisimama barabarani akaja darasani kwangu bila kupiga hodi. Mama alikuwa amefariki alfajiri. Alikuwa haumwi. Nilipanda lori vile vile nilivyokuwa, chaki mkononi. Barabara ilikuwa matope matupu, tulikwama, tukasukuma, tukakwama tena. Nilipofika Tororo walikuwa wameshamzika, maana kwetu maiti haicheleweshwi. Nilikuta viatu vya watu mlangoni na kitanda chake kimeegemezwa ukutani.

Shangazi zangu walinipokea vizuri. Waliniambia nisipige kelele, kwamba machozi yanamuunguza marehemu, kwamba nimuombee tu. Kisha wageni walikuwa wengi na kahawa ilikuwa haijachemshwa, na mimi ndiye binti mkubwa. Nikachemsha kahawa. Nilibeba sinia kutoka chumba hadi chumba, nikaambiwa mara nyingi kwamba nina moyo wa kijasiri. Mwalimu mkuu alikuwa amenipa ruhusa ya siku moja, kwa hiyo nikarudi.

Aliponiona alisema pole, na alisema kwa moyo. Halafu akasema darasa la tatu linapiga kelele.

Nikaingia darasani nikawa mtu mwingine. Niligombeza kila aliyekohoa. Mvulana mmoja alidondosha kalamu nikampiga kofi, mimi ambaye sikuwahi kumpiga mtoto usoni. Niliita majina bila kusikia majibu. Kwenye jiko langu sikuwasha moto kabisa. Nilikula ndizi mbivu nikalala. Siku ya pili nilisimama mbele ya ubao nikasahau nilichotaka kuandika, na watoto wakanitazama, wote, kama nilivyokuwa namtazama yule pacha. Nilikuwa naona wanavyoogopa, na sikuweza kufanya lolote. Kifua changu kilikuwa kama mlango uliovimba kwa mvua.

Ijumaa ikafika. Watoto wakapangwa mstari na kuni zao. Mwalimu mkuu akapita akivunja vijiti gotini, mlio baada ya mlio. Alipomfikia yule pacha akasimama. Mtoto alikuwa amebeba mzigo, si kijiti, kichwani, umefungwa kwa kamba ya mgomba. Mwalimu mkuu akachomoa kijiti kimoja akakipinda. Kikapinda mpaka ncha zikakutana. Kilikuwa cha mkuyu, kimekatwa asubuhi ile ile, utomvu mweupe unatoka.

"Hii nini?" akasema.

Mtoto akaushika mzigo wake kwa mikono miwili.

"Mwalimu nafiwa na mama yake, wewe naleta yeye kuni mbichi? Wewe nacheka yeye?"

Aliinua fimbo. Nami, nisifiche, nilipandwa na hasira kuliko yeye. Nilisema moyoni: baada ya yote niliyomfanyia, mtoto huyu? Mbele ya shule nzima? Nilikuwa natembea kumfuata, na sijui ningefanya nini, kwa vile nilivyokuwa siku zile.

Mtoto hakumtazama mwenye fimbo. Alinitazama mimi.

"Si za kupikia," akasema.

Nilisimama. Mwalimu mkuu aliniangalia, fimbo bado iko juu.

"Mwalimu mkuu," nikasema, "hizo niliziagiza mimi."

"Mbichi?"

"Mbichi."

Akashusha fimbo taratibu. Alisema jambo kuhusu watu wa mjini ambalo sikulisikia vizuri, akaenda kwa mtoto anayefuata.

Shule ilipotoka yule mtoto alibeba mzigo wake mpaka jikoni kwangu. Alipanga nyasi kavu chini, akaweka mkuyu juu, akawasha, akapuliza kama mtu mzima. Moshi ulipoanza kuwa mweupe alinivutia kigoda karibu na mafiga. Hakuniambia pole. Akatoka nje, akaufunga mlango nusu, na nikamwona kwenye ufa akikaa kizingitini, kanipa mgongo.

Nikamlilia mama yangu. Nilimlilia kwa sauti, kwa mikono yake iliyonuka iliki, kwa kitanda kile kilichoegemezwa ukutani, kwa kahawa yote niliyowabebea watu. Nilimlilia pia yule pacha msemaji, ambaye sikupewa nafasi ya kumlilia, na kofi nililompiga mvulana wa watu. Kuni zilikuwa nyingi. Mtoto alijua kipimo.

Katikati ya hayo nilisikia buti zinakuja uani, zikasimama. Mwalimu mkuu aliuliza kuna nini humo ndani, mbona moshi mwingi vile, mbona sauti.

"Mwalimu anapika," mtoto akamjibu.

Buti zilikaa kidogo pale pale, kisha zikaondoka polepole. Kwenye mafiga hapakuwa na chungu.